Steringi Hafi, Ila Kombora Huishiwa Pumzi

Kwenye vibanda umiza vya Karatu, muvi ya ndege za kivita ina sehemu moja inayosubiriwa na wote: kombora linamfukuza steringi, anakata kona, nalo linakata. Behind Enemy Lines ya mwaka 2001, iliyoongozwa na John Moore, inaucheza mchezo huo kwa muda mrefu kabla ndege haijapigwa. Inasisimua kweli. Tatizo ni kwamba inalifanya kombora lionekane kama mbwa mwenye kinyongo, asiyechoka.

Mfano bora uko Ndutu, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Duma ana mbio kuliko swala tomi, lakini pumzi yake ni fupi. Akikaribia, swala anakata kona ghafla. Kombora nalo lina pumzi fupi. Strela-2, lile la kubebwa begani, injini yake huwaka sekunde chache tu, na lisipogonga kitu hujilipua baada ya takriban sekunde 15. Moto ukizimika, kila kona inalipunguzia mwendo. Ila rubani hapindi ovyo: kombora huvumilia kona kali kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo muda ndio kila kitu.

Chambo nacho si cha kurusha tu. Makombora ya zamani yalifuata joto linalong'aa zaidi, hivyo fataki za magnesi ziliyadanganya kirahisi. Ya baadaye hulinganisha mawimbi tofauti ya mionzi ya infraredi, na fataki haiwaki kama injini. Ndiyo maana rubani huachia fataki, hupunguza moto wa injini na kupinda, vyote kwa pamoja.

Kwa nini tubishane na muvi? Kwa sababu 28 Novemba 2002, Strela-2 mbili zilirushwa Mombasa kuelekea Boeing 757 ya Arkia iliyokuwa ndiyo kwanza inapaa, na watu zaidi ya 260 ndani. Ndege ya abiria haikuundwa kwa kona za kisteringi. Makombora yalikosa, ikafika salama Tel Aviv. Muvi inatuaminisha kuwa hodari ndiye anayepona. Kwa abiria, kinga ya kwanza iko ardhini: kulinda maeneo yanayozunguka uwanja kabla mtu hajaweka bomba begani. Muvi ya kazi hiyo bado tunaisubiri.