Viwanja vya AFCON 2027: Maslaha au Israfu?

Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Shangwe ilikuwa kubwa, wala hatuwalaumu waliofurahi. Lakini baada ya shangwe huja hesabu, na hesabu hii si ndogo. Mkataba wa uwanja wa Arusha, wa watu wapatao 30,000, uliosainiwa mwaka 2024, ni wa takriban shilingi bilioni 286. Hoima, Uganda, uwanja wa watu 20,000 umetengewa dola za Marekani zipatazo milioni 129. Nairobi nayo imejiingiza katika uwanja wa Talanta, wa watu 60,000, ambao tutaurudia.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hatuandiki ili kuharamisha mpira. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wake naye akiwatazama. Mwenye kupanda mimbari kuupiga vita mchezo wenyewe amebisha mlango usio wake. Swali letu ni la mali: ni ya nani, inawekwa wapi, na kwa kiasi gani.

Haya mawili ya mwisho ndiyo Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 H, aliyoyatofautisha. Israfu kwa maelezo yake ni kutojua kiasi, na tabdhiri ni kutojua mahali. Anayejenga hospitali kwa gharama maradufu ya inayohitajika amefanya israfu. Mahali ni sahihi ila kiasi kimepita. Anayeiweka mali pasipo haki yake amefanya tabdhiri, hata kama ni shilingi moja. Hii ya pili ndiyo iliyokemewa katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, ambamo wafujaji wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Mashindano makubwa ya kimataifa aghlabu huyakusanya yote mawili.

Turudi Talanta. Fedha zake zimetafutwa kwa hati fungani ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 44, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025, kwa muda wa miaka 15 na kwa riba inayozidi asilimia 15 kwa mwaka. Msomaji wa jarida hili hahitaji kufundishwa hukumu ya riba. Lakini hata asiyeijali hukumu hiyo na apige hesabu: asilimia 15 ya bilioni 44 ni zaidi ya bilioni 6, nayo ni bei ya kukodi fedha tu kwa mwaka mmoja. Mashindano ni ya wiki nne. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2025 atakuwa na miaka 15 ndipo deni limalizike.

Wanazuoni wa Kishafii wana kanuni ambayo Imam Suyuti ameieleza katika Al-Ashbaah wan-Nadhaair, kwamba tasarufi ya kiongozi juu ya raia imefungwa na maslaha yao, na asili yake ni rai ya Imam Shafii kuwa kiongozi kwa raia ni mfano wa msimamizi kwa yatima. Msimamizi haruhusiwi kufanya karamu ya kuvutia majirani kwa mirathi ya yatima, hata kama yatima mwenyewe anapiga makofi.

Watetezi husema kwamba watalii watakuja, jina la nchi litang'ara na barabara zitatengenezwa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 kwa msaada wa China, unatumika: Simba na Yanga huujaza, na Agosti 2025 ulipokea michuano ya CHAN bila haja ya kujenga mwingine Dar es Salaam. Basi uwanja hauwi tabdhiri kwa kuwa tu ni uwanja. Lakini Arusha na Hoima zina klabu gani ya kuvijaza viti hivyo wageni wakishaondoka? Na barabara, ikiwa inahitajika, kwa nini ingojee mpira?

Ama hoja ya jina kung'ara, historia yetu inayo jibu. Abdur-Rahman An-Naasir, khalifa wa Cordoba, alianza kuujenga mji wa Az-Zahraa mwaka 325 H, ukamshughulisha hata akakosa sala za Ijumaa. Kadhi Mundhir bin Said Al-Balluti alimkabili kwenye hotuba, khalifa akiwa ameketi mbele yake, kwa aya za Surat Ash-Shu'araa ambamo Nabii Hud (a.s.) anawauliza kaumu yake kwa nini wanajenga alama juu ya kila mwinuko kwa upuuzi. Khalifa alikasirika, akaapa kutosali tena Ijumaa nyuma yake, kumwondoa hakumwondoa. Mabalozi wa kigeni waliushangaa sana mji ule. Haukutimiza miaka mia, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaubomoa.

Na hapa Mazimbu tunayo mizani iliyo karibu zaidi. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa ANC ya Afrika Kusini shamba la mkonge lililoachwa. Kwa misaada ya mataifa mbalimbali wakajenga nyumba, hospitali na shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Julai 1992 wakayakabidhi yote kwa Tanzania, wakarejea kwao. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na zaidi ya miaka 30 baada ya wageni kuondoka vijana wangali wanasoma humo.

Nchi hiyo hiyo ya wageni wetu iliandaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Mjini Nelspruit ukajengwa uwanja wa Mbombela, wa zaidi ya watu 40,000, uliochezewa mechi nne tu za mashindano yale. Shule mbili zilizokuwa eneo hilo ziliondolewa, wanafunzi wakapelekwa kwenye madarasa ya muda, hata wakaandamana. Cape Town nayo ilijenga wake kwa zaidi ya randi bilioni 4, kisha jiji likabeba kwa miaka hasara ya kuutunza.

Maimamu na wanafunzi wa elimu wanaweza kuyauliza haya bila kuwa wahandisi: kuutunza uwanja wa Arusha ni shilingi ngapi kwa mwaka, fungu hilo litatoka wapi mwaka 2028, na ni nani atakayecheza humo. Majibu yakiwepo yatangazwe, nasi tutayachapisha.