Kukinga Bila Kuomba Ruhusa: Hesabu za Quarraisha Abdool Karim

Damu ilikuwa imeshatolewa kwa ajili ya malaria. Mwaka 1990, katika vijiji vya jimbo la Natal nchini Afrika Kusini, mtaalamu kijana wa epidemiolojia, Quarraisha Abdool Karim, pamoja na wenzake, walitumia mpango uliokuwapo wa kufuatilia malaria ili kupima VVU bila kuhusisha majibu na jina la mtu. Walioambukizwa walikuwa takriban mmoja katika kila watu mia. Wangeishia hapo, wangechapisha takwimu ya kuwatuliza wakubwa. Badala yake waliigawa kwa jinsia na umri. Wanawake walikutwa na maambukizi karibu mara tatu ya wanaume, tena wasichana yaliwapata mapema kuliko wavulana wa rika lao.

Mgawanyo huo ndio msingi wa kila alichofanya baadaye. Kama virusi vingekuwa vinazunguka ndani ya rika moja, viwango vya wasichana na wavulana vingekaribiana. Havikukaribiana, kwa hiyo chanzo kilikuwa kwa wanaume wa umri mwingine. Uthibitisho ulikuja 2017, kikundi alichomo kilipolinganisha vinasaba vya virusi kutoka KwaZulu-Natal: wanawake wa chini ya miaka 25 walihusishwa na wanaume waliowazidi, kwa wastani, miaka 8.7. Watanzania wanamfahamu mwanamume wa aina hiyo, mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Katika kampeni ya redioni aliitwa Fataki.

Sasa tazama ushauri wa miaka ile: subiri, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Binti anayetegemea nauli na ada kutoka kwa mwanamume hana sauti katika mambo hayo. Abdool Karim, aliyeongoza mpango wa taifa wa UKIMWI katikati ya miaka ya 1990, akaacha kuuliza namna ya kumshawishi binti, akauliza anaweza kutumia nini bila kuomba ruhusa.

Jibu la kwanza lilikuwa jeli ya ukeni yenye asilimia 1 ya tenofovir, dawa ya kupambana na VVU. Katika utafiti wa CAPRISA 004, wanawake 889 wa Durban na Vulindlela walipangwa kwa bahati nasibu: wengine jeli yenye dawa, wengine isiyo na dawa, na si wao wala watafiti waliojua nani kapewa ipi. Dozi moja ndani ya saa 12 kabla ya tendo, nyingine ndani ya saa 12 baada yake. Vipakio vilirudishwa kliniki vikahesabiwa, vilivyotumika na visivyotumika, maana mtu akiulizwa tu husema anachodhani daktari anataka kusikia. Matokeo yaliyotangazwa Vienna mwaka 2010 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 39. Kwa waliotumia jeli kwa uaminifu zaidi, asilimia 54.

Nadhani wengi walishangilia ile 39 na kuipita 54, iliyokuwa na onyo ndani yake: kinga ilipanda na kushuka kadiri jeli ilivyotumika. Mwaka 2015 utafiti mkubwa zaidi, FACTS 001, haukuona kinga yoyote kwa ujumla. Washiriki wengi walikuwa vijana wasioolewa, wanaoishi na wazazi au ndugu, na jeli haikutumika inavyotakiwa. Dawa ilikuwa ileile. Nyumba iliyojaa watu ndiyo haikumpa binti nafasi ya faragha.

Kasoro nyingine naiona katika CAPRISA 004 yenyewe: ilianzia miaka 18, ilhali hesabu za 1990 zilikuwa zimeshaonyesha hatari inaanza kabla ya hapo. Sheria na maadili ya utafiti vina sababu zao, lakini anayeachwa nje ya utafiti huchelewa pia kupata dawa. Hoja hiyo ndiyo iliyoifanya kazi yake ya balozi maalumu wa UNAIDS kwa vijana balehe, tangu 2017, kuwa mwendelezo wa utafiti wake.

Mwaka 2024 watafiti wengine walitangaza matokeo ya sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliyojaribiwa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna aliyeambukizwa. Wala haihitaji kufichwa chini ya godoro.