Kamba, Vigingi na Chokaa

Asubuhi ya bonanza la vyuo, kabla basi la wageni halijaingia, uwanjani kuna mtu mmoja tu. Ana nyundo, vigingi, bunda la kamba na kopo la maziwa lililotobolewa matundu. Anayepita haraka atadhani anafunga mbuzi malishoni. Mimi hukaa chini ya mwembe nikamtazama mpaka amalize.

Wilaya ya Kilosa haikosi vyuo vya kukutana uwanjani. Walimu wanasomea Ilonga, mafundi wako VETA Mikumi, matabibu wako Kilosa mjini. Viwanja vyenyewe ndivyo vyenye shida: penye ng'ombe jana, leo panatakiwa mistari.

Mchoraji huanza na kona. Kamba yake ina mafundo: mita 3, kisha 4, kisha 5. Akiikaza kwenye vigingi vitatu, kona inakaa nyuzi 90 kamili. Akishapata kona nne hagusi chokaa bado. Anapima mshazari, kona hadi kona, halafu mshazari wa pili. Vipimo visipolingana, uwanja umelala upande hata kama macho yanauona umenyooka, naye anang'oa vigingi na kuanza upya. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana hakuna mtazamaji ambaye angegundua.

Kamba ni ya katani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaanzia Tanga, na baadaye mashamba yake yakaenea hadi Kimamba na Kilosa. Nailoni ina rangi nzuri lakini huvutika, na kipimo kinafuata nguvu za anayevuta. Katani haina tabia hiyo. Ila ikilowa umande hujikaza na kufupika, ndiyo maana huianika juani kwanza, wenye haraka wakinung'unika pembeni.

Kisha linakuja eneo la hatari. Watangazaji wetu husema "ndani ya kumi na nane", na hiyo kumi na nane ni yadi, yaani mita 16.5. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo linalozungushiwa: beki akimkwatua mshambuliaji juu ya chokaa, ni penalti. Sheria inataka mstari usizidi sentimita 12 kwa upana. Mchoraji aliyeteleza shubiri moja amekwishaamua mechi kabla ya mwamuzi kupuliza filimbi.

Duara la katikati ndilo raha ya macho. Kigingi kimoja, kamba ya mita 9.15, na mtu anazunguka taratibu akitikisa kopo, kamba ikiwa imekazwa mwanzo hadi mwisho, mpaka chokaa ikutane na chokaa. Kamba ileile huihamishia kwenye nukta ya penalti, mita 11 kutoka golini, akachora ule upinde ulio nje ya kumi na nane. Wengi huuona kama pambo. Kazi yake ni kuwaweka wachezaji wengine umbali uleule wa mita 9.15 penalti inapopigwa.

Marekani, mechi kubwa za vyuo baada ya msimu zilianzia Pasadena mwaka 1902, Michigan ilipoifunga Stanford 49 kwa 0. Mpira wao ni mwingine, na uwanja wao una mstari kila baada ya yadi 5. Matokeo yanakumbukwa mpaka leo. Aliyechora mistari siku ile simsikii akitajwa.

Chokaa anayotumia ni iliyozimwa, maana mbichi huunguza ngozi ya kijana anayeteleza kuokoa mpira. Huimwaga nyembamba, na kufikia mapumziko nusu yake imekwishaondoka na viatu.

Mnaoandaa bonanza Kilosa na Mikumi, mwiteni siku moja kabla, si asubuhi ya mechi. Mpeni msaidizi wa kushika ncha ya pili ya kamba, na mlipeni kabla ya kukodi spika.