Mtunzi kama Mwandaaji wa Onyesho: Uhakiki wa Nafasi ya Wimbo Mpya katika Muziki wa Dansi wa Tabora na Njia ya Misafara ya Magharibi mwa Tanzania

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika maneno. Wimbo hunukuliwa kama shairi, fani yake hutenganishwa na maudhui, kisha hukumu hutolewa kuhusu ujumbe wake kwa jamii. Mkabala huo umezaa kazi nyingi zenye manufaa, lakini huuchukulia wimbo kana kwamba ulizaliwa juu ya karatasi. Maswali ya nani aliufikisha wimbo mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi gani, baada ya wimbo upi, na kwa gharama ya nani, huachiwa wanahistoria.

Makala haya yanauhoji mgawanyo huo kwa kuutazama muziki wa dansi wa Tabora na wa njia ya zamani ya misafara iliyounganisha Ujiji, Tabora na pwani. Hoja kuu ni kwamba katika ukanda huu uandaaji wa onyesho ni sehemu ya utunzi wenyewe. Mtu anayetunga wimbo mpya ndiye pia anayeutafutia watu wa kuusikia, na kazi hiyo ya pili huacha alama katika umbo la wimbo. Mfano mkuu ni Shem Ibrahim Karenga, mtunzi wa "Dada Asha" na kiongozi wa bendi aliyefanya kazi Kigoma, Tabora na Dar es Salaam.

2.0 Wimbo Unaosafiri

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda. Kutoka hapo msafara uliweza kuelekea Ujiji magharibi, Karagwe na Buganda kaskazini, au Bagamoyo mashariki. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006, ameonyesha kwamba upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya kitaalamu yenye taratibu zake, heshima yake na ujira wake. Wasafiri wa Ulaya walioandamana na misafara hiyo, akiwamo Richard Burton aliyefika Tabora mwaka 1857, waliandika kuhusu kiongozi aliyetangulia mbele kwa mavazi ya kupendeza, kuhusu mlio wa ngoma, na kuhusu nyimbo zilizoanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wengi. Kwa maelezo hayo, msafara ulipoingia kijijini ulikuwa pia onyesho. Watu walitoka kutazama, na waliokuwa wakitazamwa walijua kwamba wanatazamwa.

Utaratibu huo haukukoma misafara ilipokoma. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, ameeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyotoka katika miji ya pwani na kuenea bara, hasa kupitia askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ushindani ndio uliokuwa roho ya vyama hivyo. Kila upande ulitafuta sare mpya, mwendo mpya na wimbo mpya wa kuushinda upande wa pili. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ile ya zamani. Tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda kwa mara ya pili. Nyimbo zilipanda treni pamoja na vibarua, makarani na askari.

Kinachojitokeza katika historia hii ni kwamba wimbo mpya haukuwa na mlezi wa nje. Hapakuwa na kasri, kanisa kuu wala taasisi iliyomlipa mtunzi ili atunge na kumwajiri mtu mwingine ili aandae. Aliyeanzisha wimbo aliusafirisha mwenyewe na kuutafutia waitikiaji.

3.0 Umati kama Mwamuzi

Mfano ulio wazi zaidi wa utaratibu huu unapatikana kwa majirani wa Wanyamwezi upande wa kaskazini, Wasukuma, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kinyamwezi. Katika mashindano ya vyama vya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji wako huru kuhama. Upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio unaoshinda. Kiongozi wa nyimbo, anayeitwa ningi, hutunga nyimbo mpya kwa ajili ya msimu, na huyo huyo ndiye anayebeba dhamana ya kuwafanya watu wabaki upande wake. Frank Gunderson, aliyechunguza kwa kina nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi utunzi, uongozi na ushindani vinavyoshikamana katika nafasi hiyo moja.

Utaratibu huu hueleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na kinyume chake. Mwaka 1918, mjini Vienna, mtunzi Arnold Schoenberg alianzisha chama cha maonyesho ya faragha ili kuulinda muziki mpya. Waandishi wa magazeti hawakukaribishwa, kupiga makofi kulikatazwa, na kazi ngumu zilirudiwa hadi wasikilizaji wazizoee. Schoenberg naye alikuwa mtunzi aliyeandaa maonyesho, na tatizo lake lilikuwa lile lile, yaani kuupatia wimbo mpya masikio yatakayousubiri. Suluhisho lake lilikuwa kufunga mlango. Suluhisho la uwanja wa Usukuma ni kuondoa mlango kabisa, na mtu asiyeridhika huonekana akiondoka.

Muziki wa dansi uliokua Tabora katikati ya karne ya 20, kupitia bendi kama Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ulikuwa na magitaa, ukumbi na kiingilio. Hata hivyo, ulibaki upande wa uwanja wazi. Mwenye kiingilio cha usiku mmoja anaweza kukaa kitini wimbo usipomgusa, na wiki inayofuata akaenda kwa bendi nyingine. Kwa sababu hiyo dansi ilibuni njia mbili za kuukinga wimbo mpya bila kuwafungia watu nje.

Njia ya kwanza ni mtindo. Tabora Jazz ilijulikana kwa "segere matata", kama Western Jazz ilivyojulikana kwa "saboso". Mtindo humwahidi mchezaji kwamba hata asipoyajua maneno, miguu yake itajua la kufanya. Njia ya pili ni muundo wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda taratibu na kubeba beti. Ya pili, inayoitwa chemko, huongeza kasi, magitaa yakijibizana na waimbaji wakirudia kiitikio kifupi. Uhakiki wa maneno huishia katika sehemu ya kwanza, kwa kuwa chemko lina maneno machache ya kunukuu. Lakini ukumbini ni chemko linalouvusha wimbo usiojulikana. Mtunzi husikika katika beti, na mwandaaji huwashika watu wake katika chemko. Vinapokuwa ndani ya mtu mmoja, urefu wa beti hupimwa kwa subira ya wachezaji.

4.0 Shem Karenga na Safari ya Kuelekea Pwani

Watu wa magharibi walikuwa wameanza kupeleka dansi yao pwani kabla ya Karenga. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega, alianzisha Western Jazz jijini Dar es Salaam. Jina la bendi lilitangaza watokako waanzilishi wake, yaani Jimbo la Magharibi la wakati huo. Kwa Nhende, kuanzisha bendi kulikuwa kitendo cha uandaaji, kwani aliwaweka watu wa nyumbani mbele ya umati wa jiji kwa jina la nyumbani.

Karenga alipita njia hiyo hatua kwa hatua. Alizaliwa Kigoma, akaanza muziki huko katika miaka ya 1960 na bendi ya Lake Tanganyika Jazz, kisha akahamia Tabora Jazz katika miaka ya 1970, na baadaye akafanya kazi Dar es Salaam na MK Beats. Katika miaka yake ya mwisho aliongoza Tabora Jazz Stars, bendi iliyobeba jina la Tabora ikiwa na makao Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 2014. Ujiji, Tabora na pwani ni vituo vikuu vya njia ya misafara, na Karenga alivipitia kwa mpangilio ule ule.

"Dada Asha" ndio wimbo uliomtambulisha. Hata jina lake lina umbo la wito, kwa kuwa neno la udugu hutangulia na jina la mtu hufuata. Wito wa namna hiyo humfaa mtunzi ambaye lazima aeleweke kabla mchezaji hajaamua kurudi kitini. Hauhitaji maelezo ya awali, na kila aliyemo ukumbini ana dada, au anamjua Asha mmoja.

5.0 Wimbo Uliopendwa kama Mzigo

Hapa ndipo udhaifu wa uwanja wazi unapojitokeza, na uhakiki wa haki hauna budi kuutaja. Umati ulioupa wimbo uhai ndio huo unaoudai tena. Karenga aliendelea kutunga na kuongoza kwa miongo mingi, lakini katika kumbukumbu za wengi alibaki kuwa mtunzi wa "Dada Asha". Mwandaaji aliye ndani yake alijua kwamba wimbo wa zamani hujaza ukumbi. Mtunzi aliye ndani yake alihitaji nafasi kwa wimbo ambao bado haujapendwa. Kila orodha ya nyimbo za usiku mmoja ilikuwa mapatano kati ya wawili hao.

Katika maisha yake ya baadaye mapatano hayo yalielemea upande mmoja. Hadhira ya dansi ilipozeeka, jina la Tabora kwenye tangazo la onyesho lilianza kuahidi kumbukumbu badala ya jambo jipya. Bendi iliyokuwa chombo cha kupitishia nyimbo mpya ikageuka kuwa hifadhi ya nyimbo za zamani. Mlango uliofungwa wa Vienna ungempa Karenga subira ya wasikilizaji wachache, lakini usingempa riziki. Uwanja wazi ulimpa riziki na jina, kisha ukamshikilia katika jina hilo. Kuusifu mfumo wa umati kama mfumo wa watu wote bila kuitaja gharama hii ni kuusoma nusu.

6.0 Kilichohifadhiwa na Kilichopotea

Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi katika studio zake, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Hazina hiyo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo, studio haina wachezaji wa kulirefusha chemko wala kiti cha kurudia. Kinachosikika katika kanda ni wimbo uliokwisha kuondolewa katika mashindano yake. Mhakiki anayetegemea kanda peke yake humkuta mtunzi bila mwandaaji.

Sheria nayo hufanya utenganisho kama huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa kazi ya muziki, na kwa upande wa hakishiriki inawatambua wasanii watendaji, watayarishaji wa kazi zilizorekodiwa na watangazaji. Aliyeupa wimbo umati wake wa kwanza hana mahali pake katika mpangilio huo.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inaipanua dhana ya utunzi kupita kiasi, hata mkata tiketi aitwe mtunzi. Pingamizi hilo linahitaji mpaka, na mpaka upo. Uandaaji unaohesabika kuwa utunzi ni ule tu unaoubadilisha wimbo wenyewe, yaani urefu wa beti, mahali pa kuanzia chemko, mtindo unaochaguliwa, na nafasi ya wimbo katika mfuatano wa usiku. Maamuzi hayo ni ya kisanaa ingawa hufanywa kwa jicho la mlangoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutoka msafara hadi beni, kutoka uwanja wa Bagika na Bagalu hadi ukumbi wa dansi, wimbo mpya magharibi mwa Tanzania umekuwa ukipelekwa kwa watu na yule yule aliyeutunga, na kwamba mtindo na chemko ni alama za kazi hiyo ndani ya wimbo. Maisha ya kisanaa ya Shem Karenga yanathibitisha nguvu ya utaratibu huo na pia mipaka yake. Kwa watafiti, jambo linalohitaji haraka ni kukusanya masimulizi ya wapigaji na wachezaji walio hai wa bendi za Tabora kuhusu mwenendo wa usiku mzima, yaani wimbo gani ulifunguliwa, upi ulifuata, na watu waliinuka saa ngapi. Taarifa hizo hazimo katika kanda, na wanaozikumbuka wanazidi kupungua.