Kupona kwa Kusikiliza: Imani na Uponyaji katika Mifano Miwili ya Injili ya Luka

Mbazi ni utanzu ambao aghalabu hupitiwa kwa haraka. Hutajwa katika orodha ya hadithi fupi, ikaelezwa kuwa ni kisa cha kufunza, kisha funzo likachujwa na kisa kikatupwa kama chicha. Mifano ya Yesu imeathirika mno na mazoea haya, kwa kuwa mimbarani na darasani msikilizaji hupewa jibu kabla hajaachwa akutane na swali. Makala haya yanadai kwamba nguvu ya uponyaji iliyomo katika mifano hiyo haitokani na funzo, bali inatokana na namna kisa kinavyomwondoa msikilizaji mahali alipokuwa amesimama. Mifano miwili inayopatikana katika Injili ya Luka pekee, yaani ule wa Msamaria (sura ya 10) na ule wa mwana mpotevu (sura ya 15), itatosha kulithibitisha dai hili.

Suala la jinsi ya kuisoma mifano ni kongwe. Augustino aliufasiri mfano wa Msamaria kama istiara kamili: majeruhi ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa. Mwishoni mwa karne ya 19, Adolf Jülicher aliupinga usomaji wa namna hiyo na kushikilia kuwa kila mfano una hoja moja kuu. C. H. Dodd, katika kitabu chake cha mwaka 1935, alisisitiza kuwa mfano huiacha akili ya msikilizaji katika mashaka yanayomlazimisha kufikiri. Msimamo wa Dodd ndio ulio karibu zaidi na fasihi, kwa maana unaitambua hadhira kuwa sehemu ya kisa.

Mfano wa Msamaria ni hadithi iliyopachikwa ndani ya hadithi. Mwanasheria anauliza jirani yake ni nani. Yaani, anataka kuonyeshwa mpaka wa wajibu wake. Badala ya kujibiwa, anapelekwa katika barabara ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko, inayoteremka karibu mita 1,000, na kuonyeshwa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Usawiri wa mtu huyu ni wa makusudi. Amevuliwa nguo, wala hatamki neno toka mwanzo hadi mwisho. Mavazi na lugha, alama mbili ambazo kwazo watu hutambuana kuwa ni wenzao au ni wageni, zote zimeondolewa. Kilichobaki ni jeraha tu.

Kuhani na Mlawi wanapita. Kanuni ya utatu, iliyozoeleka pia katika ngano zetu, inamwandaa msikilizaji kumtarajia Myahudi wa kawaida awe mtu wa tatu. Anayetokea ni Msamaria, mtu wa jamii iliyokuwa na uhasama wa karne nyingi na Wayahudi. Hapo kinaya kinakamilika: msikilizaji aliyekuja kupima amsaidie nani anajikuta yumo shimoni, naye hana budi kuupokea msaada wa mtu anayemdharau. Mafuta, divai na dinari mbili, ambazo ni sawa na ujira wa kibarua wa siku mbili, vinauponya mwili wa majeruhi. Dharau ya msikilizaji ndiyo inayotibiwa na kisa chenyewe. Tiba hiyo hainywewi kwa urahisi, kwani mwanasheria anapotakiwa kusema ni nani aliyekuwa jirani, halitaji jina la Msamaria. Anataja tendo la huruma tu.

Lugha ya Kiswahili inauongezea mfano huu maana ambayo si rahisi kuiona katika lugha nyingine. Neno imani lina maana mbili: itikadi ya moyoni, na huruma. Mtu asiyehurumia husemwa kuwa hana imani, hata kama hakosi ibada. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, kuhani na Mlawi wana imani ya kwanza huku wakikosa ya pili. Msamaria, ambaye dini yake inashukiwa, ndiye mwenye imani kwa tendo. Kitenzi kupona nacho hubeba maana ya kutoka katika ugonjwa na ya kunusurika katika hatari, jambo linalokikaribia kitenzi cha Kigiriki sozo, ambacho katika Injili hutumiwa kwa uponyaji na kwa wokovu pia.

Katika mfano wa mwana mpotevu, jeraha limo nyumbani. Mdogo amekariri maneno ya toba atakayomwambia baba yake, na mwisho wake ni ombi la kufanywa mtumishi wa mshahara. Anapofika, ombi hilo halitamkwi. Baba anawaita watumwa walete vazi, pete na viatu. Msamaha unaitangulia hotuba. Hata hivyo, baba anatoka nje mara ya pili, kumsihi mkubwa, ambaye anakataa kumwita mdogo wake ndugu na kumtaja kama mwana wa baba yake tu. Baba anamrudishia neno ndugu, kisha kisa kinakoma. Msomaji haambiwi kama mkubwa aliingia karamuni. Ngano nyingi hufungwa kwa fomula na funzo. Mbazi hii inauacha mlango wazi, na anayesimama mlangoni ni msikilizaji.

Yamkini itadaiwa kuwa uponyaji na imani ni mambo ya kanisa, si ya uhakiki. Ni kweli kwamba mhakiki hawezi kuthibitisha kuwa msomaji fulani amepona. Anachoweza kuthibitisha ni kuwa fani ya mifano hii, kwa ukimya wa majeruhi, kwa hotuba iliyokatizwa na kwa mwisho usiofungwa, imeacha nafasi ambayo hakuna awezaye kuijaza isipokuwa msikilizaji mwenyewe. Anayemkabidhi mwanafunzi funzo lililokwisha kuchujwa anaiziba nafasi hiyo, na pengine ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya tiba kulifikia jeraha.