Pua ya Fundi wa Mishumaa

Mafuta ya manukato huonyesha tabia yake yakipata joto. Watu wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Mama anayepika udi kwa sukari, sandali na marashi hautolei hukumu ukiwa sufuriani. Hutia kipande kwenye chetezo juu ya kaa la moto, akasubiri moshi utulie, ndipo akasema kama umefaa au umeungua. Fundi wa mishumaa ya manukato anafuata njia hiyohiyo ya subira, na ninamheshimu kwa kila hatua yake.

Mtazame anapochagua. Hapachiki chupa puani. Huchovya ncha ya ukanda wa karatasi, akaupunga kidogo, akanusa, kisha akauweka kando. Huurudia baada ya nusu saa, na tena kesho yake. Harufu za limau na chungwa huwa zimeshaondoka. Langilangi, asumini na waridi zimejitokeza. Sandali, udi na vanila ndizo zinazobaki mwisho. Mafuta yaliyotungwa vizuri hupokezana harufu hizi bila kuacha pengo. Yale duni huvuma dakika ya kwanza, kesho yake yakabaki na ukali usio na jina.

Fundi huyu pia ana maswali. Langilangi peke yake ina madaraja. Huko Komoro, maua huchumwa asubuhi mapema na kukenekwa kwa mvuke saa nyingi. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo matamu zaidi na hupewa daraja la juu kabisa. Yanayofuata hushuka daraja la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na uzito wake. Muuzaji akisema “langilangi” akanyamaza, bado hajajibu. Karafuu nayo ni hivyo. Mafuta ya karafuu zenyewe yana ulaini na utamu kidogo. Ya makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu, kama yanayokenekwa Pemba, ni makali zaidi na bei yake ni nafuu. Yote mawili yana kazi, ila ni lazima ujue umeuziwa yapi.

Akishuku kwamba mafuta mepesi ya mmea, tuseme ya mchaichai, yameongezwa mafuta ya kula, hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Yaliyo safi hukauka. Yaliyochanganywa huacha doa la mafuta. Kwa mafuta mazito kama sandali kipimo hiki hakifai, maana hata yaliyo safi huacha alama. Manukato ya kujipulizia hayagusi kabisa, kwa sababu yana pombe inayoshika moto upesi. Kwa mafuta yaliyotungwa kiwandani, hudai karatasi ya usalama inayoonyesha kiwango kinachofaa kwa mshumaa na joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto.

Kisha inakuja mizani. Mililita 10 za mafuta ya chungwa zina gramu 8 na nusu hivi. Mililita 10 za karafuu huzidi gramu 10, ndiyo maana mafuta ya karafuu huzama majini. Kwa hiyo fundi hupima kwa gramu. Nta ya soya gramu 200, kwa asilimia 8, inataka mafuta gramu 16. Akizidisha mno, mshumaa hutoa jasho la mafuta, utambi huziba na masizi hupaka chupa. Vanila nayo huitazama kwa jicho la pekee, maana hugeuza nta nyeupe kuwa ya kahawia kadiri siku zinavyokwenda.

Huyeyusha nta taratibu, akatia mafuta kwenye nyuzijoto 85 hivi, akakoroga polepole kwa dakika mbili, akamimina. Hapo ndipo wengi hukosa uvumilivu. Nta ya soya huhitaji hata wiki mbili ili mafuta yatulie ndani yake. Fundi husubiri. Kisha huwasha, hufunga mlango, hutoka, na kurudi baadaye na pua mpya. Je, harufu imefika pembe zote za chumba? Je, ni ileile aliyoipenda kwenye karatasi? Hubadilisha utambi mnene kwa mwembamba, huandika daftarini, huanza tena. Mafuta yaliyonukia ajabu chupani huenda yakanyamaza kabisa kwenye nta, naye huyaweka pembeni hata kama yalimgharimu.

Basi ukikutana na mshumaa unaowaka safi na kunukia sawa kuanzia saa ya kwanza hadi nta ya mwisho, usibishanie bei. Unamlipa fundi kwa mafuta aliyoyachagua, na pia kwa yale mengi aliyoyanunua, akayajaribu na kuyakataa ili yasiingie nyumbani kwako.