Makumbusho ni Shahidi: Ufipa na Picha Tunayopewa ya Ustaarabu

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu imewahimiza watu mahali pengi watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia (rejea Aal-Imran 3:137 na Ar-Rum 30:9). Kwa hiyo kuzuru magofu na makumbusho kwa nia ya kuzingatia ni jambo lenye asili katika dini. Lakini amri hiyo ni ya kutazama na kufikiri. Haimlazimishi mtu kukiamini kila kibao kilichobandikwa chini ya kabati la kioo.

Katika fiqhi, habari kuhusu mtu asiyekuwepo huthibiti kwa ushahidi, na shahidi ana masharti yake. Ushahidi wa hasimu dhidi ya hasimu wake haupokelewi, wala wa mwenye kujivutia manufaa. Makumbusho nayo ni shahidi: husimama mbele ya wageni na kutoa habari za watu waliokwisha kufa, ambao hawawezi kujibu. Basi ni haki tuyaulize: nani aliyekusanya vitu hivi, kwa lengo gani, na kipi kilichoachwa nje?

Tuchukue mfano wa Ufipa. Mwanafunzi wa Sumbawanga akipelekwa Dar es Salaam, ataikuta Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Humo ataonyeshwa masalia ya Kilwa, mji wa misikiti ya mawe na vyombo vya Uchina. Kisha atapelekwa Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960, akaone nyumba za udongo na nyasi za makabila ya bara. Kila kimoja peke yake ni kweli. Tatizo ni mgawanyo wenyewe: pwani imepewa historia, yaani miaka, wafalme na biashara, bara imepewa mila, yaani nyumba isiyo na tarehe. Mtoto huyo hurudi nyumbani akiamini kwamba ustaarabu ni kitu kilicholetwa kwao kutoka ng'ambo.

Hali halisi ni nyingine. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyofikia karibu mita 3. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto. Hewa ilivutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto, kabla ya mhunzi kufua jembe. Wafipa pia walisuka nguo za pamba, na walilima kwa matuta ya duara wakifukia majani ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Walikuwa na utawala wa kale wa Milansi, unaohusishwa na uhunzi, na baadaye nasaba ya Watwa iliyogawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Majembe ya kiwandani ndiyo yaliyoyazima matanuri hayo katika karne ya 20, wala si kwamba Wafipa hawakuwa na ujuzi.

Hata majina ni ushahidi. Joseph Thomson alipopita huku mwaka 1880, ziwa la Rukwa alilipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Ng'ambo ya mpaka, mjini Mbala, Zambia, yapo makumbusho ya Moto Moto, yaliyotokana na mkusanyiko wa padri Mkanada, Jean-Jacques Corbeil. Moto Moto ni jina la utani la Askofu Joseph Dupont. Padri huyo aliokoa vitu vingi ambavyo vingepotea, na tumshukuru kwa hilo. Lakini jina la mlangoni ndilo maelezo ya kwanza anayokutana nayo mgeni, nalo humtaja askofu kabla ya wenye vitu.

Hapa msomaji Mwislamu asifurahi upesi. Katika suala la utumwa, wapo miongoni mwetu wanaolalamika kwamba kumbukumbu za Bagamoyo na Zanzibar zinamtaja Mwarabu peke yake. Lalamiko hilo lina ukweli: Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na pembe za ndovu za bara ziliishia kuwa vibonyezo vya piano huko Ulaya na Marekani. Lakini sultani aliyekubali mkataba ule alikuwa Mwislamu, na misafara iliyofika Tanganyika iliongozwa pia na Waislamu. Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Allah (S.W.) atakuwa hasimu wa anayemuuza mtu huru akala thamani yake. Na An-Nisaa 4:135 inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Anayetaka kibao kisahihishwe ili jina lake tu lifutwe, naye ni shahidi mwenye manufaa.

Kipimo tunacho. Al-Biruni, alipoandika juu ya India mnamo mwaka 1030, aliweka sharti la kueleza itikadi za Wahindu kama wao wenyewe wanavyozieleza, ingawa hakukubaliana nazo. Alijifunza lugha yao kwanza. Makumbusho yanayotaka kuaminiwa yafuate njia hiyo: wazee wa Ufipa waulizwe, jina la Kifipa litangulie, tarehe iandikwe, na mkusanyaji atajwe pamoja na namna alivyokipata kitu.

Na walimu wa shule na madrasa za Sumbawanga wasingoje safari ya Dar es Salaam. Masalia ya malungu bado yapo Nkasi, kwenye vichuguu na mashamba, na mavi ya chuma yametapakaa chini. Kila msimu jembe na mvua hupunguza kilichobaki. Wapelekeni vijana wakayaone na waandike wanayosimuliwa na wenyeji, kabla shahidi huyu naye hajanyamaza.

Wallahu a'lam.